Mtu Mwenye Misumari Mdomoni

Misumari ya makochi ni midogo, ina vichwa bapa, na wakati wa kazi mahali pazuri pa kuiweka ni mdomoni. Fundi hutupia konzi moja mdomoni, ulimi ukaigeuza mmoja mmoja, kichwa kikitangulia, na nyundo yenye sumaku inaudaka msumari kwenye midomo na kuugonga kwenye fremu. Mkono wa pili unabaki huru kuvuta kitambaa. Hivyo ndivyo marehemu baba alivyofanya kazi maisha yake yote, na ndivyo alivyowafundisha watoto wake wawili, mwanamume na kitinda mimba wake wa kike. Aliwaachia karakana, nyundo na sheria moja tu: mtu mwenye misumari mdomoni hasemeshwi. Zamani kuna kibarua alisalimiwa, akaitikia kwa adabu, akameza mmoja. Tangu hapo kila anayeingia pale hutazama mashavu ya fundi kwanza, ndipo aseme lake.

Yule kitinda mimba ndiye fundi wa hadithi hii. Mtaa mzima ulimwita Bi Misumari, kwa kuwa mashavu yake yalikuwa matupu mara chache sana. Kaka yake, aliyeacha kushika nyundo akawa mtu wa kutafuta kazi na kuongea na wateja, walimwita Mwenyekiti, kwa sababu hapakuwa na kikao cha ukoo ambacho hakukiongoza, hata kile ambacho hakualikwa.

Jioni moja Bi Misumari alikuwa anafagia vipande vya sponji, mama yake, ambaye walikuwa wamemzika mwezi uliotangulia, akaingia na kuomba kiti. Alikuwa na gauni lake la kijani na sweta lililopungua kifungo kimoja. Bi Misumari alimfutia stuli kwa kitambaa, akamwamkia.

"Marahaba, fundi," alijibu mama. "Sitakusumbua. Namngoja binti yangu tu."

"Mama, ni mimi."

Mama alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia nyumba siyo.

"Hapana, mwanangu. Binti yangu kaka yake alimwambia kwamba nimezidiwa, namtaka. Akasema hawezi kuja, ana viti vya watu. Nilimngoja siku zile zote naangalia mlango. Sasa wewe umeniamkia, umenipa pa kukaa. Yeye alikataa. Basi wewe si yeye."

Bi Misumari aliketi sakafuni. Hakukaa kwa sababu mama yake aliyekufa alikuwa juu ya stuli. Alikaa kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia kwamba mama amezidiwa.

Alivikumbuka vizuri viti hivyo vya watu. Vilikuwa vya ukumbi mkubwa wa mikutano, viti vyekundu vyenye migongo ya vifungo, na mkono wa kuvuta vifungo vikae sawa ulikuwa wake peke yake. Mama alikuwa akiishi kwa kaka, upande wa pili wa mji. Kila alipopiga simu kaka alipokea yeye. "Amelala. Anaendelea vizuri. We maliza viti, utakuja umkute ameamka." Akamaliza viti, akaoga, akapanda gari na sabuni aipendayo mama mkobani, akakuta watu wamekaa nje kimya.

Mpaka jioni ile alikuwa ameamini kuwa kifo kilikuja ghafla.

Kesho yake mama alirudi. Na keshokutwa. Alikuja jua linapozama, akauliza, "Amekuja?", akakaa mpaka taa za mtaani zinapowaka, kisha akaaga. Mtaa ulimzoea upesi. Muuza magazeti alimsogezea baiskeli apite. Fundi redio wa mlango wa pili alifurahi waziwazi, kwa kuwa mama akisimama kizingitini redio zake zote zilishika bila mkwaruzo. Mara nyingine alimwomba asogee kidogo kushoto, na mama, ambaye maisha yake yote hakupenda kumnyima mtu, alisogea.

Ni huyo fundi redio aliyemweleza Bi Misumari mambo yanavyokwenda.

"Hawa wanashika kile walichoambiwa mwisho," alisema, huku akipuliza vumbi ndani ya spika. "Baba yangu aliondoka nimemwahidi kwamba nitaacha sigara. Mpaka leo akija akanikuta navuta, ananiuliza hii sigara ya nani. Namwambia yangu. Anacheka, anasema mwanangu aliacha."

"Sasa inafutwaje?"

"Aliyesema ndiye anayefuta. Mimi sijaacha, ndiyo maana kwangu haifutiki. Wako ni nani aliyesema?"

Bi Misumari alimjua aliyesema. Alirudi ndani akajaribu njia zake mwenyewe, na hakujaribu kivivu. Alimwonyesha mama kovu la goti alilolipata akikwea fremu ya kabati. Akamwimbia wimbo wa kubembelezea ambao mama aliutunga mwenyewe, wenye mstari mmoja wa kipuuzi kuhusu kijiko. Mama aliimba naye mpaka mwisho, akamsifu sauti.

"Umefanana naye mno," alisema. "Akija mtapendana."

Alipomwendea kaka yake, Mwenyekiti alijitia hamnazo. Alisema mgonjwa huweweseka, na marehemu vilevile. Alisema hakumbuki. Kisha akamuuliza kama amekula. Bi Misumari alitoka pale bila kuaga, na kuanzia siku hiyo hawakusemeshana tena. Kaka alihamishia ofisi yake mtaa mwingine. Dada akabaki na karakana, na mama wa jioni.

Alikasirika. Na tusidanganyane, mwanzoni hasira ilimfaa: ilimwamsha mapema, ilimpa nguvu za kunyanyua sofa zima bila msaidizi. Lakini ilikuwa haitoki alipotaka itoke. Alikula nayo. Akiwa bafuni alijikuta anamjibu kaka yake hoja ambazo kaka hakuwahi kuzitoa, na kumshinda, na kutoka amechoka. Misumari ilimpindia mikononi. Kuna kochi alilolishona wakati huo lilirudishwa na mume na mke waliosema kwa upole kwamba halina kasoro, ila kila wakilikalia wanakumbushana mambo ya zamani. Alilifumua lote akalianza upya bila kuuliza ni mambo gani.

Kilichomuuma kuliko vyote, hata kuliko lile swali la "Amekuja?", ni alichokisema mama kila alipoaga.

"Ukimwona, mwambie mimi nilishamsamehe."

"Hakukosa kitu, mama."

"Unamtetea kwa kuwa humjui. Alikosa. Lakini nilishamsamehe."

Jioni moja alishindwa kuvumilia, akauliza. "Uliwezaje, mama? Mtu umemngoja hakuja. Uliwezaje kumsamehe?"

Mama alifikiri. Alikuwa amekishika kikombe cha chai ambayo hainywi, anapasha viganja.

"Niliamua," alisema. "Asubuhi niliamua. Mchana hasira ikarudi, nikamtukana kimoyomoyo, matusi ambayo siwezi kukwambia wewe mtoto wa watu. Alasiri nikaamua tena. Ni kama kufua. Hufui leo ukasema basi, nguo haitaingia uchafu tena."

"Na hajakuomba radhi?"

"Angeniombea wapi, na hakuja?"

Bi Misumari alikuwa akisamehewa kila jioni, kwa moyo mweupe kabisa, kosa ambalo hakulitenda. Na aliyelitenda yuko upande wa pili wa mji, anakula, analala, anaongoza vikao.

Mwaka ulipita na miezi yake. Binti wa Mwenyekiti akapata mchumba, na harusi ikapangwa. Hapo ndipo shangazi alipokuja karakanani, akatazama mashavu ya Bi Misumari, akasubiri kwa adabu mpaka konzi ile ya misumari ikaisha, akaanza.

"Mwanangu, msamehe kaka yako yaishe. Harusi haiwezi kuwa na watu wamenuniana. Utakaa wapi? Watu watasema nini?"

"Yapi yaishe, shangazi? Yeye amesema amefanya nini?"

"Si alisema kwenye kikao, mbele yetu sote? 'Kama nimemkosea, anisamehe.' Alisimama kabisa."

"Hiyo 'kama' ameitoa wapi?"

Shangazi aliguna. Alikuwa mwanamke wa haki, ila alipenda haki iliyo fupi. "Basi unataka nini? Apige magoti?"

"Magoti akae nayo. Aje hapa jioni, amwambie mama sentensi moja. 'Sikumwambia.' Basi. Akishasema, mimi nimemsamehe papo hapo, na harusini nitacheza mpaka viatu vikatike."

Shangazi alilipeleka neno hilo. Kwa siku kadhaa Mwenyekiti alivaa miwani ya mbao. Ila mkewe alimsema, binti yake akalia, na alasiri ya Jumamosi gari lilisimama mlangoni. Alikuja na kiti. Kilikuwa kiti cha baba, kile cha mikono mipana alichokalia Jumapili, kitambaa kimechakaa na sponji imechungulia nje.

"Nataka kiwe cha wazee, siku ya harusi," alisema. Alikuwa amenenepa, na mvi zilikuwa zimemwanza masikioni. "Nani mwingine atakivuta vifungo kama wewe?"

"Kiweke pale."

Alikiweka. Alizunguka karakana, akagusa magunia, akagusa springi, akashika nyundo ya baba na kuirudisha. Jua lilikuwa bado. Bi Misumari alianza kukivua kiti kitambaa cha zamani, na mashavu yake yalikuwa matupu kwa makusudi.

"Nilikuja kukwambia," alisema kaka ghafla. "Ujue hilo. Mama alipozidiwa nilikuja hapa hapa. Zaidi ya mara moja. Nikakukuta na misumari mdomoni. Unaijua sheria ya baba."

Bi Misumari aliacha kung'oa. Alikuwa amefikiria visingizio vingi bafuni, lakini hicho hakikuwahi kumpitia kichwani.

"Misumari huwa inaisha mdomoni, kaka."

"Viti vilikuwa bado havijaisha," alijibu Mwenyekiti. Likawa limeshatoka. Alilisikia mwenyewe. Alijipangusa uso kwa leso, akaanza kueleza kwamba ukumbi ulikuwa na tarehe ya kufunguliwa, kwamba jina la karakana lilikuwa jina la baba, kwamba alidhani mama atafika hata wiki ijayo, daktari alisema anaweza kufika wiki ijayo. Alieleza vizuri, kama mtu aliyezoea vikao. Bi Misumari alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaiona rangi ya jua pale mlangoni imegeuka, akachukua misumari, akajaza mdomo.

Alifanya hivyo kwa sababu alijijua. Alijua mama akishauliza, ulimi wake ungemtangulia kaka, ungemsukuma, ungemwekea maneno mdomoni. Naye alitaka maneno yale yatoke kwa mwenyewe au yasitoke kabisa. Fundi redio mlango wa pili alizima redio zote.

Mama aliingia. Alipomwona mwanawe wa kiume uso wake ulifunguka.

"Shikamoo, mama," alisema Mwenyekiti, na sauti yake ikawa ya mvulana.

"Marahaba, baba. Umenenepa, afadhali. Mkeo hajambo? Watoto?"

"Hawajambo. Mkubwa anaolewa."

"Mungu ampe heri." Mama alikaa kwenye stuli yake, akakunjua gauni magotini. Akatazama huku na huku. "Na mdogo wako? Amekuja?"

Mwenyekiti alimtazama dada yake. Dada yake alimtazama pia. Kiti cha baba kilikuwa kati yao, mbavu nje. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, na Bi Misumari aliona sentensi ile imefika kabisa, imesimama nyuma ya meno yake.

"Bado yuko kazini, mama," alisema. "Atakuja."

"Haya," alisema mama. "Kazi ni kazi. Mwambie nilishamsamehe."

"Nitamwambia."

Taa za mtaani ziliwaka. Mama aliaga, akampapasa mwanawe shavu, akamshukuru fundi kwa stuli, akatoka. Fundi redio aliwasha redio moja tu, kwa sauti ya chini.

Bi Misumari hakugonga msumari hata mmoja. Aliutema mmoja kiganjani, akautema mwingine, na ilikuwa mingi, na muda wote huo Mwenyekiti ilimbidi asimame kungoja, maana sheria ni sheria.

"Ningesema nini?" alianza, mara tu alipoona mashavu yametua. Alikuwa analia. "Ananiamini. Umemwona anavyoniangalia? Nikimwambia, ataniangaliaje? Na huyu keshakufa, nikimkosea sasa nitamfuata wapi nikamwombe radhi?"

"Hapa hapa. Anakuja kila siku."

"Na kama asiponisamehe?"

"Angekusamehe, kaka. Mazoezi anayo."

Mwenyekiti alikaa kwenye stuli ya mama na kujishika kichwa. Bi Misumari alimtazama. Alikuwa amengoja saa hii karibu miaka miwili, na alidhani ikifika hivi, mtu akisema uongo ule ule mbele ya macho yake, hasira itamchukua mzima mzima. Hasira ilikuja, kweli. Ilimpanda kutoka miguuni. Lakini chini yake aliona jambo lingine, jepesi hata akashangaa kuchelewa hivyo kuliona: msamaha wake alikuwa ameutundika kwenye mdomo wa mtu mwoga. Mwoga angekaa nao mpaka azeeke, na yeye angeendelea kunyoosha mkono. Hapana. Hilo la mkono kunyooshwa litaishia leo, alijisemea. Akapiga moyo konde.

"Nimekusamehe," alisema.

Kaka aliinua uso. "Kweli?"

"Kweli. Kwa kutoniambia, na kwa kumwambia kwamba nilikataa, na kwa hili la leo. Nataka ulijue kila moja, usije ukasema nimekusamehe kitu kingine."

Mwenyekiti alivuta pumzi ndefu, akasimama, akajinyoosha shati. Rangi ilikuwa imeanza kumrudia. "Basi yameisha, mdogo wangu."

"Hayajaisha. Nimekusamehe tu. Kesho atakuja tena kuuliza, na nitaumia tena, na itabidi nikusamehe tena. Nitafanya hivyo. Sikuahidi kwamba sitakutukana katikati."

Mwenyekiti alikunja leso yake, akaitia mfukoni.

"Harusini nitakuja," aliendelea Bi Misumari. "Mtoto hana kosa. Lakini kazi zako za viti tafuta fundi mwingine. Na hiki cha baba hakirudi. Mama amechoka na stuli."

Kaka alikitazama kiti, akamtazama mdogo wake, akaona hapo hapana pa kubembeleza. Alitoka. Gari lilichukua muda kuondoka, kisha likaondoka.

Siku zilizofuata Bi Misumari alikishona kiti cha baba. Alikifunga mikanda mipya, akapanga springi, akakivika kitambaa cha kijani, rangi ya lile gauni. Akakiweka mahali pa stuli, kikaelekea mlango.

Jioni mama aliingia, akakiona, akakijaribu kwanza kwa kiganja, akakaa. Mgongo wake ulipata pa kuegemea. Aliviminya vifungo kwa kidole gumba, kimoja hadi kingine.

"Kazi nzuri hii," alisema. "Nilikuwa na mtu anayevuta vifungo hivi."

"Namjua, mama."

"Amekuja?"

Jioni nyingine zote Bi Misumari alikuwa akijibu "ni mimi", na mama akimwonea huruma. Siku hiyo alivuta kigoda, akakaa karibu na goti lake.

"Hakuambiwa, mama. Ndiyo maana hakuja. Hakukosa kitu."

"Wewe unamtetea sana."

"Ndiyo. Na kesho nitamtetea."

Mama alitabasamu, akampiga piga begani kama anavyopigwa mtoto wa jirani mwenye tabia njema. "Haya. Ukimwona mwambie nilishamsamehe."

"Nitamwambia."

Kisha mama akaegemea, akautazama mlango, akaendelea kungoja. Bi Misumari alisimama, akalivuta sofa la mteja karibu na mwanga, akajaza mdomo misumari. Alipokuwa anagonga wa kwanza alimtukana kaka yake kimoyomoyo, tusi zito, la kutosha. Alipofika kwenye kona alimsamehe. Kitambaa upande ule kilikuwa na mkunjo, akang'oa misumari, akavuta upya, akaanza tena.